Vilembwe wa Mtu Mmoja: shajara ya kuisaka nasaba ya Jean Gordon

Wiki ya 1, Jumamosi

Mradi umeanza kwa picha ndogo kuliko kisahani cha kikombe cha kahawa. Ni mali ya jumba la taifa la picha za watu hapa Edinburgh, imechorwa mwaka 1566 kwa rangi ya mafuta juu ya kipande cha shaba, na upana wake haufiki sentimita 4. Ni pacha. Moja ni ya James Hepburn, Earl (cheo cha kurithi cha kikabaila) wa nne wa Bothwell, nayo ndiyo picha yake pekee inayojulikana. Ya pili ni ya mkewe, Lady Jean Gordon.

Mume kila mtu anamjua. Ndiye aliyemuoa Malkia Mary wa Scotland tarehe 15 Mei 1567, miezi mitatu tu baada ya mume wa malkia, Darnley, kuuawa, na watu wakimnyooshea kidole yeye. Mke aliyeachwa ili harusi hiyo ifungwe hupewa mistari miwili vitabuni, kisha msomaji anavutwa kwenda kwa malkia. Nami nataka kukaa kwenye hiyo mistari miwili. Jean huyu ni binti wa nani, mjukuu wa nani, na kwa nini kila anayemtaja haachi kusema ni "wa damu kubwa"?

Nimejiwekea mpaka: vizazi vinne kwenda juu. Wazazi 2, mababu na mabibi 4, juu yao 8, juu yao 16. Kila kiungo nakipa alama ya wino kama kuna hati ya wakati ule au mtaalamu aliyeiona, na alama ya penseli kama kimesimama kwa kusemwa tu. Miti ya nasaba ya mtandaoni nitaisoma kama ninavyosikiliza stori za kijiweni: utamu upo, ushahidi ni mwingine.

Halafu neno lenyewe. Shajara ni daftari la kila siku, lakini kwa Kiarabu ni mti, na masharifu wa kwetu pwani wakisema shajara wanamaanisha nasaba yao hadi kwa Mtume. Kwa hiyo hii ni shajara ya shajara.

Nafasi zilizojaa kwenye ngazi ya mwisho: 0 kati ya 16.

Wiki ya 1, Jumapili usiku

Upande wa baba ulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea, maana watu waliokuwa na ardhi nyingi hivyo hawawezi kupotea kwenye hati hata wakitaka.

Baba yake ni George Gordon, Earl wa nne wa Huntly, mtu mkubwa kuliko wote kaskazini-mashariki mwa Scotland hadi alipokorofishana na malkia. Tarehe 28 Oktoba 1562 jeshi lake lilishindwa pale Corrichie, magharibi ya Aberdeen. Alikamatwa akiwa juu ya farasi, akaanguka, akafa papo hapo bila jeraha. Mwanawe John alikatwa kichwa Aberdeen. Na baba mwenyewe, kwa kuwa sheria ilitaka mshtakiwa wa uhaini awepo, maiti yake ilitiwa dawa, ikapelekwa Edinburgh, na Mei 1563 ikafikishwa bungeni ndani ya jeneza kusomewa hukumu. Jean alikuwa na miaka kama 17.

Juu yake: George huyu ni mwana wa John, Lord Gordon, aliyefariki mwaka 1517 kabla ya baba yake, ndiyo maana John hana namba ya Earl. John ni mwana wa Alexander, Earl wa tatu. Alexander ni mwana wa George, Earl wa pili. Nimefika ngazi ya nne, na mstari huu wote una wino.

Nikapitiliza kidogo kwa udadisi, nikakuta jambo lililonichekesha. Hawa Gordon, kwa baba, si Gordon. Elizabeth Gordon, mrithi wa mali yote, aliolewa mwaka 1408 na Alexander Seton. Mwana wao akawa Earl wa kwanza wa Huntly akiitwa Seton, na ni mjukuu, huyu George wa pili, aliyechukua jina la bibi yake kwa sababu ardhi iliandikwa iende kwa wanaobeba jina la Gordon. Ukoo uliotikisa kaskazini nzima kwa jina la kiume unasimama juu ya jina la bibi mmoja.

Nafasi: 1 kati ya 16.

Wiki ya 2, Jumanne

Siku mbili zimeharibika, na kosa ni langu pamoja na programu ninayotumia kuchora mti. Ina tabia ya kuuliza kama watu wawili ni mtu mmoja, na ukibonyeza "ndiyo" ukiwa na usingizi, inawaunganisha pamoja na wake zao na watoto wao. Nimemuunganisha Alexander Gordon, Earl wa tatu wa Huntly, na Alexander Gordon, askofu wa Galloway, ambaye ni mjukuu wake na ni baba mdogo wa Jean. Ghafla askofu akawa babu mzaa babu wa mtoto wa kaka yake. Nimefuta, nimeanza upya, na sasa kila jina lina mwaka wa kufa mbele yake kabla ya kitu kingine.

Majina ni machache mno huku: George, Alexander, John, Adam kwa wanaume, Elizabeth, Margaret, Janet kwa wanawake. Jean mwenyewe mara Jean, mara Jane. Afueni moja ni kwamba mwanamke wa Scotland wa zama zile hakubadilisha jina alipoolewa. Binti Keith alibaki Keith hadi kaburini, kama kwetu binti fulani anavyobaki binti fulani hata akiolewa mara tatu. Hilo peke yake limeniokoa mara nyingi wiki hii.

Mtego wa pili ni namba. Ndugu wa mama yake Jean, William Keith aliyefariki 1581, kwenye kitabu kimoja ni Earl Marischal (cheo cha wakuu wa ukoo wa Keith) wa tatu, kwenye kingine ni wa nne. Si watu wawili. Waandishi hawakukubaliana waanze kuhesabu kwa nani. Nimeamua kufuata hesabu inayomwita wa nne na nimebandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta nisije nikasahau.

Wa tatu ni kalenda. Nilikuta mkataba wa ndoa ya Jean na Bothwell ukiwa na tarehe ya Februari 1565, halafu harusi Februari 1566. Nikajiuliza hawa walichumbiana mwaka mzima wakingoja nini. Hawakungoja kitu. Scotland ya wakati ule mwaka mpya uliingia tarehe 25 Machi, na haikuhamia Januari mosi hadi mwaka 1600. Februari 1565 ya karani ni Februari 1566 yetu. Mkataba ni wa tarehe 12, harusi tarehe 24 ya mwezi huohuo.

Wiki ya 2, Ijumaa

Mkataba wenyewe unastahili siku yake.

Kwanza mahari. Huku ilitoka upande wa mwanamke: kaka yake Jean, Earl wa tano, aliahidi merk 12,000. Merk moja ilikuwa theluthi mbili za pauni ya Scotland, kwa hiyo ni pauni 8,000 za huko. Bothwell alikuwa amezama kwenye madeni. Kwa upande wake Jean akaandikiwa haki ya maisha juu ya mali ya Crichton, kusini-mashariki ya Edinburgh. Hapo nikarudi kwenye mti. Ngome ya Crichton kabla ya kuwa ya akina Hepburn ilikuwa ya William Crichton, Chansela wa Scotland, yule aliyehusika na karamu ya mwaka 1440 pale ngome ya Edinburgh ambapo Earl kijana wa Douglas na mdogo wake walitolewa mezani kwenda kukatwa vichwa. Binti wa Chansela huyo, Elizabeth, ndiye mama wa George Earl wa pili. Kwa maneno mengine Bothwell alimwandikia mkewe nyumba iliyojengwa na wahenga wa mkewe.

Pili saini. Malkia ametia saini. Waheshimiwa wametia saini. Halafu inakuja ya mama wa bibi harusi, Elizabeth Keith, mjane wa Huntly, na maelezo yanasema mkono wake uliongozwa juu ya kalamu na Alexander, askofu wa Galloway, shemeji yake. Hakujua kuandika. Mwanamke aliyekuwa akisimamia nyumba kubwa kuliko zote za kaskazini, mwenye damu ya wafalme kama nitakavyoonyesha chini, anashikwa kiganja kama mtoto wa chekechea ili wino ushuke mahali pake. Nimeisoma mara nne. Na huyuhuyu askofu, ambaye Jumanne nilimfanya babu wa Jean, ndiye aliyemshika.

Wiki ya 3, Jumatatu

Leo nimefuta binti mfalme kwenye mti, na nakiri roho imeniuma.

Karibu miti yote ya mtandaoni inamtaja mama wa Alexander, Earl wa tatu, kuwa ni Annabella, binti wa Mfalme James wa kwanza. Inapendeza kuitazama: kutoka kwa Jean unapanda moja kwa moja hadi kwenye taji. George Earl wa pili kweli alimuoa Annabella, hilo halina shaka. Lakini George alikuwa na wake watatu. Wa kwanza, Elizabeth Dunbar, mjane wa Earl wa Moray. Wa pili ni Annabella, ambaye kabla yake alipelekwa Savoy akiwa msichana kuozwa kwa mwana wa mtawala wa huko, mpango ukavunjika, akarudishwa. Wa tatu ni Elizabeth Hay, binti wa Earl wa Erroll.

Ndoa ya Annabella ilibatilishwa tarehe 24 Julai 1471. Haikuwa talaka, bali ile ambayo kadhi angeiita fasakhi: ndoa imetamkwa kuwa haikuwahi kuwa halali. Sababu? Annabella na mke wa kwanza walikuwa na udugu wa damu wa mbali, na kwa kanuni za kanisa ukishaoa mwanamke, ndugu zake hadi daraja la nne wanakuwa kama ndugu zako. Baada ya kuishi pamoja zaidi ya miaka kumi ndipo udugu huo ukaonekana. George akamuoa Elizabeth Hay.

Sasa watoto ni wa nani? Wataalamu wamegawanyika, hasa kuhusu Alexander na dada yake Catherine, aliyeolewa na Perkin Warbeck, yule aliyedai kiti cha ufalme wa Uingereza. Mimi nimeegemea kwa Elizabeth Hay kwa sababu moja. Mwaka 1474 Alexander aliandikiwa mkataba wa kumuoa Janet Stewart, binti wa Earl wa Atholl. Baba wa Janet alikuwa mwana wa Malkia Joan Beaufort kwa mume wake wa pili. Annabella alikuwa binti wa Joan Beaufort huyohuyo kwa mume wa kwanza. Kama Annabella ndiye mama wa Alexander, basi bwana na bibi harusi wote ni wajukuu wa Joan: mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, daraja la pili, kitu kizito sana mbele ya kanisa. Baba aliyetoka tu kuvunja ndoa yake kwa udugu wa mbali namna ile angemwingiza mwanawe kwenye udugu wa karibu hivyo? Inawezekana, watu ni watu. Ila penseli yangu imeandika Hay kwanza, Annabella wa pili, na alama ya kuuliza katikati.

Nafasi: 3 kati ya 16, mojawapo kwa penseli. Atholl ameingia kwa wino.

Wiki ya 3, Alhamisi

Haraka leo, kwani huku njia ni pana. Mke wa John, Lord Gordon, ni Margaret Stewart, binti wa Mfalme James wa nne kwa mpenzi wake Margaret Drummond. Huyo Drummond alikufa ghafla yeye na dada zake wawili, watu wakasema sumu, na wamezikwa kanisa kuu la Dunblane. Kwa mfalme: baba James wa tatu, mama Margaret wa Denmark, ambaye mahari yake haikulipika taslimu, baba yake akaweka rehani visiwa vya Orkney na Shetland mwaka 1468 na 1469. Hadi leo havijakombolewa. Kwa Drummond: Lord John Drummond na Elizabeth Lindsay.

Kwa hiyo Jean ni kitukuu wa mfalme, bila hata kumhitaji Annabella. Niliyemfuta Jumatatu sikumhitaji tangu mwanzo. Mama wa Janet wa Atholl nimempata pia: Margaret Douglas, aliyeitwa Mrembo wa Galloway.

Nafasi: 8 kati ya 16.

Wiki ya 4, Jumapili

Hii ndiyo siku ya mradi huu.

Nilikuwa nimekwama kwenye hesabu. Mahakama ya Askofu Mkuu John Hamilton ilibatilisha ndoa ya Jean na Bothwell tarehe 7 Mei 1567 kwa hoja ya udugu wa damu wa daraja la nne. Nilitaka kuiona hiyo nne kwa macho yangu, na kila nikichora mishale nachanganyikiwa nianze kuhesabu kwa nani. Shangazi akapiga simu kutoka Tanga kunijulia hali. Nikamwambia ninahangaika na daraja la nne.

"Daraja gani tena? Nitajie watu."

Nikamtajia. Huyu George, Earl wa pili, alimzaa Alexander.

"Mwana."

Alexander akamzaa John.

"Mjukuu."

John akamzaa George mwingine, aliyepelekwa bungeni maiti.

"Innalillahi. Kitukuu."

Huyo ndiye baba yake Jean.

"Basi Jean ni kilembwe. Kuna kigumu gani hapo?"

Nikanyamaza, nikachukua kalamu. Upande wa Bothwell: George wa pili alikuwa na binti, Margaret Gordon, aliyeolewa na Patrick Hepburn, Earl wa kwanza wa Bothwell. Mwana. Margaret akamzaa Adam. Mjukuu. Adam akamzaa Patrick. Kitukuu. Patrick akamzaa James, mume wa Jean. Kilembwe. Daraja la nne la kanisa ni hilo tu: wote wawili wawe vilembwe wa mtu mmoja. Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215, mkutano mkuu wa kanisa, ndio ulioweka mpaka hapo. Kabla yake ulikuwa wa daraja la saba. Wanaoandika kwa Kiingereza wanajaza nusu mstari kuelezea uhusiano ambao sisi tuna neno lake moja, na nilikuwa nalo tangu utotoni bila kulitumia.

Shangazi hakuelewa kabisa kwa nini vilembwe wasioane. "Huku binamu nyama ya hamu, seuze kilembwe." Halafu akauliza lile swali: "Na mama yake huyo binti je? Mbona unanitajia wanaume tu?"

Kweli upande wa mama nilikuwa nimeuacha. Tulipoagana nikaufungua. Elizabeth Keith, yule wa mkono kuongozwa, ni binti wa Robert, Lord Keith. Robert ni mwana wa William Keith, Earl Marischal wa tatu (kwa hesabu ya karatasi yangu kwenye kioo), na mama yake Robert ni Elizabeth Gordon, aliyeandikiwa mkataba wa ndoa mwaka 1482. Binti wa nani huyo Elizabeth Gordon?

Wa George, Earl wa pili wa Huntly.

Nimehesabu kwa sauti peke yangu chumbani. Elizabeth Gordon, mwana. Robert Keith, mjukuu. Elizabeth Keith, kitukuu. Jean, kilembwe. Jean ni kilembwe wa mzee huyo kwa baba na kwa mama. Wazazi wake wenyewe walikuwa vitukuu wa mtu mmoja, daraja la tatu, na kwa kanuni zilezile nao walihitaji ruhusa walipooana mwaka 1530. Udugu wake na Bothwell umefungwa fundo mbili. Na kwenye ngazi yangu ya watu 16, nafasi mbili zina mtu mmoja.

Programu iliniuliza: "Watu hawa wawili ni mtu mmoja?" Safari hii nimebonyeza "ndiyo" nikiwa macho makavu.

Wiki ya 5, Jumatano

Nimeketi na hati ya ruhusa ya kanisa kwa ndoa ya Jean na Bothwell, katika chapa yake ya mwaka 1874.

Hadithi yake fupi. Mei 1567 ndoa ya Jean ilishambuliwa pande mbili kwa wakati mmoja. Katika mahakama ya Kiprotestanti Jean ndiye aliyelalamika, kwamba mumewe amezini na mtumishi wake wa ushonaji, Bessie Crawford. Hukumu ikatoka tarehe 3. Katika mahakama ya Kikatoliki mume ndiye aliyelalamika, kwamba yeye na Jean ni ndugu wa damu na hawakupata ruhusa ya kanisa. Hukumu tarehe 7. Siku nane baadaye akamuoa malkia.

Sasa ruhusa ilikuwepo. Ilitolewa tarehe 17 Februari 1566, wiki moja kabla ya harusi, na aliyeitoa kwa mamlaka ya Papa ni Askofu Mkuu John Hamilton. Yuleyule. Mahakama iliyosema hapakuwa na ruhusa ni ya mtu aliyeitoa. Na karatasi ilikuwa kwa Jean. Hakuitoa mahakamani. Hakuichoma pia. Alikwenda nayo kaskazini, na ikakaa miongoni mwa nyaraka za ngome ya Dunrobin, makao ya mumewe wa pili, zaidi ya miaka 300 hadi Dk. John Stuart alipoikuta na kuichapisha.

Kwa nini alinyamaza? Ninalo jibu langu, lichukuliwe kuwa la kwangu. Aprili 1567, wiki chache kabla ya kesi, bunge lilimrudishia kaka yake mali na hadhi alizonyang'anywa baba yao. Ukoo ulikuwa unatoka shimoni, na mwenye kamba alikuwa Bothwell. Msichana ambaye jeneza la baba yake lilisomewa hukumu alijua bei ya kushindana na watu wa ngazi hiyo. Lakini mtu anayekubali moja kwa moja hachukui karatasi inayoweza kuivunja ndoa ya malkia akaiweka salama hadi uzeeni. Kwangu mimi hiyo ni akiba, siyo kumbukumbu ya harusi.

Ninachokiona nikiutazama mti sasa: udugu huu haukuwa siri kwa mtu yeyote. George Earl wa pili hakugundua mwaka 1471 kwamba wake zake ni ndugu. Bothwell hakugundua mwaka 1567 kwamba bibi wa baba yake ni Gordon. Nasaba ilikaa kwenye kabati kama panga, inatolewa siku ya kazi. Miaka 96 kati ya babu na kilembwe, na silaha ni ileile.

Wiki ya 5, Ijumaa

Nilidhani nimemaliza na mzee George. Kisha nikaangalia mume wa pili.

Desemba 1573 Jean aliolewa na Alexander Gordon, Earl wa 12 wa Sutherland, mdogo kwake kwa miaka kama sita, ambaye naye alikuwa ametoka kwenye ndoa ya kulazimishwa akiwa na miaka 15. Gordon kuolewa na Gordon. Nikaanza kuhesabu nikijua ninakokwenda. Adam Gordon, mwana wa George Earl wa pili, alimuoa mrithi wa Sutherland. Mwana. Adam akamzaa Alexander. Mjukuu. Alexander akamzaa John, Earl wa 11, aliyekufa kwa sumu pamoja na mkewe mwaka 1567. Kitukuu. John akamzaa huyu Alexander wa Jean.

Kilembwe.

Waume wawili, daraja moja, babu mmoja. Ndoa ya kwanza ilivunjwa kwa udugu huo baada ya miezi 14. Ya pili ilidumu miaka 21 hadi mume alipofariki mwaka 1594, na hakuna aliyefungua mdomo. Kilichobadilika katikati ni sheria. Desemba 1567, miezi saba baada ya hukumu dhidi ya Jean, bunge la Kiprotestanti lilihalalisha ndoa kuanzia daraja la pili kwenda mbali. Angeolewa na Bothwell miaka miwili baadaye, hoja ya Hamilton isingekuwa na pa kusimama.

Nimempelekea Shangazi ujumbe wa sauti kumweleza. Amejibu kwa kicheko cha sekunde 11 na neno moja: "Nilikwambia."

Wiki ya 6, Jumatatu

Nimesafiri kwenda kaskazini mwisho wa wiki. Safari ya treni kutoka Inverness ni ndefu, reli inakumbatia kila ghuba kana kwamba inaogopa kukata kona. Dunrobin ya leo, yenye minara myembamba, ni ya karne ya 19, imefunika ile ya Jean ndani yake kama ganda. Zaidi kilinivutia Brora, mji mdogo jirani. Huko Jean alifungua shimo la makaa ya mawe mwaka 1598, akiwa mjane, na makaa hayo yakatumika kuchemsha maji ya bahari kupata chumvi. Mwaka uliofuata akaolewa mara ya tatu, na Alexander Ogilvie wa Boyne, mjane wa Mary Beaton, mmoja wa wale wasichana wanne waliofuatana na malkia tangu utotoni. Inasemekana Ogilvie ndiye aliyekuwa chaguo la moyo wake kabla ya Bothwell. Hilo nimeliandika kwa penseli nyepesi.

Aliyetuhifadhia habari za makaa na chumvi ni mwanawe, Sir Robert Gordon, aliyezaliwa mwaka 1580. Na kazi yake kubwa, ambayo haikuchapwa hadi mwaka 1813, ni historia ya nasaba ya akina Sutherland. Mama aliyeachwa kwa hesabu ya mababu akalea mwana wa kuhesabu mababu. Anamsifu mama yake kwa akili na kwa kumbukumbu nzuri. Nimesoma hilo neno "kumbukumbu" nikikumbuka karatasi ya mwaka 1566 iliyokuwa humo humo ndani ya nyumba.

Jean alifariki Mei 1629, amepita miaka 80, akazikwa kanisa kuu la Dornoch. Nimefika. Kulikuwa na upepo, na mzee mmoja akipalilia maua mlangoni akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanga. Akasema ni mbali sana kuja kumtazama Gordon.

Wiki ya 6, Alhamisi

Hali ya mti leo. Kwa Keith: Earl Marischal wa pili na Mariota Erskine wameingia. Mama wa Elizabeth Keith ni Elizabeth Douglas, binti wa Earl wa pili wa Morton, na kupitia kwake nimempata Joanna, binti bubu wa James wa kwanza, ambaye sanamu yake ya jiwe bado imelala pembeni ya mumewe kanisani Dalkeith. Joanna ni dada wa Annabella. Nilimfuta binti mfalme mmoja, nimepewa dada yake.

Nafasi zilizojaa: 15 kati ya 16, ingawa watu wenyewe hawafiki 15, kwa sababu ya mzee George. Penseli bado ipo mahali pawili, mama wa Alexander na mama wa Elizabeth Gordon: Hay au Annabella. Iliyo tupu ni mama wa Janet Crichton, mke wa Earl wa Morton. Baba yake ni Patrick Crichton wa Cranston. Jumanne naanza na hati za Cranston.